Wifi, Pembe Zipite Tu

Umeniandikia kwamba basi la Tanga
litakushusha Mwembe Tayari Alhamisi asubuhi,
una siku mbili, mkoba mwepesi
na simu mpya ya kupigia picha.
Karibu. Ila Pembe zile za barabarani
zipite tu, Mwantumu,
kama upitavyo duka la mtu anayekudai.
Na Ngome iko pale tangu Mreno,
itakungoja mwaka mwingine.

Kwanza Kibokoni, kwa Faruki wa Saa.
Hauzi saa inayokwenda.
"Nikuuzie kitu kinachokwenda, kisha kiende?"
Ukutani zimesimama mia na ushei,
na chini ya kila moja, kwa chaki, sababu:
hii ilianguka siku Bi Zena alipojifungua pacha;
hii ilinyeshewa;
hii ilichoka tu.
Usimuulize saa ngapi.
Watu wamefukuzwa.

Ganjoni kuna lango.
Nyumba ilibomolewa, ukuta ukauzwa tofali kwa tofali,
limebaki lango, kufuli,
na Mzee Ngumbao kwenye kiti chake cha plastiki,
kwani mshahara bado waja kila mwisho wa mwezi
na hakuna aliyemwambia aache.
Kushoto wazi, kulia wazi.
Lakini utapiga hodi, utaandika jina daftarini,
utafunguliwa, utaingia uwanjani kwenye magugu,
utatoka kwa kuaga.
Mbuzi hupita kando.
"Mbuzi," asema, "hawakufunzwa kwao."

Feri umeivuka ukisinzia, najua,
turudi Likoni ukiwa macho.
Kadzo wa Charo yuwauza kandambili moja moja,
zile zinazovuka watu wakisukumana
na kubaki nyuma bila mwenziwe.
Za kushoto kamba hii, za kulia kamba ile.
Wapo waliokutana hapo wakitafuta, wifi,
huyu peku mguu huu, yule peku mguu ule,
na leo wana watoto watatu.
Nilihudhuria harusi. Pilau ilikuwa na chumvi nyingi.

Kasuku wa Bondeni aliyetukana kwa Kigiriki
sikupeleki. Alikufa mwezi wa nane,
na mwenyewe bado hataki salamu.

Cha mwisho hakina nauli. Kiko kwetu.
Kijana mmoja wa mtaa huleta wageni,
shilingi hamsini kichwa,
mama aligomba wiki nzima
kisha akaanza kuwauzia achari.
Wanapanda vipandio kumi na vinne vya rangi nyekundu,
na juu ya cha kumi na nne hakuna kitu.
Upepo. Matangi ya maji ya majirani.
Shuka za Bi Sauda zikikauka.
Wanacheka, wanapigana picha
mguu mmoja hewani,
kisha mmoja wao huuliza, hakosi kuuliza:
hii ngazi ilikuwa ya kwenda wapi?

Mimi huwajibu, fundi alikuwa mjinga.
Badi nduguyangu, aliyeanza na ngazi
kabla ya ghorofa,
kama mtu kuvaa kilemba na kanzu bado iko kwa fundi cherehani.
Alishapima dirisha kwa mikono yake: lingeangalia kusini,
ili ukikumbuka kwenu
usisumbuke kugeuka.

Eda uliikalia chini yake,
miezi minne na siku kumi,
hukukanyaga hata kipandio kimoja.
Sikukuuliza. Sikuulizi sasa.

Nimezifagia, ila cha tisa nimekipitia kwa kitambaa tu.
Kuna unyayo pale, uliingia saruji ikiwa mbichi,
kidole cha pili kirefu kuliko gumba.
Wageni hudhani ni pambo.

Alhamisi kijana nimemwambia asilete mtu.
Mama atajitia kulala.
Simu yako njoo nayo, au iache sandukuni;
viatu utavivua
hapo chini, kando ya ndoo.