Kamba ya Kupimia

Mvua ya Welisi, Mwaisumo, ni hii hii ya Tukuyu:
haibishi hodi, inaingia, inakaa wiki.
Kondoo wengi kuliko watu. Vibao vya barabarani
vina lugha mbili, ile ya bibi zao ikitangulia
(mimi Kinyakyusa nilikiacha nje ya geti la shule).

Kilima cha mabaki ya makaa kimeota nyasi.
Aliyechimba humo alinionyesha kijito
na mtambo mdogo wa umeme, mali ya kijiji.
"Huu ndio unaochemsha chai yangu," akasema, akakohoa.
Kikohozi nilikijua.
Ni cha baba, cha Kiwira.

Sasa sikiliza Mbaka, maji yanavyopita bure usiku kucha,
na ng'ambo kibatari cha Tumpe kinakonyeza.
Zawadi sikuleta.
Shika ncha hiyo ya kamba.