Makosa Manane

Saa tisa usiku, Duluth, theluji imeziba nusu ya dirisha,
na Marlys Haugen anapiga hesabu nyuma ya risiti ya hamira.
Penseli ni ile ile ya kuandikia oda za keki,
kwa hiyo tarakimu zake zina mafuta kidogo.

Kwanza alicho nacho.
Majaribio: themanini na moja, uzito ishirini kwa mia.
Kazi za nyumbani: tisini na nne, uzito kumi na tano.
(Hizo alizifanya mezani, Tove akimsomea maswali
kwa sauti ya mtangazaji wa mpira wa magongo.)
Mtihani wa kati: sitini na nane.
Hapo penseli inasimama.
Uzito, ishirini na tano.
Asubuhi ile alitoka zamu moja kwa moja, unga ungali nyusini,
akasoma swali la tatu mara tano,
na mara zote tano likawa lugha ya watu wengine.
Yaliyomwagika hayazoleki, ila huzidishwa:
kumi na saba kamili. Anaiandika. Haipigii mstari.

Jumla, arobaini na saba nukta tatu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani aliyezipa haba uzito tofauti?

Anataka B. Barua ya ufadhili haikusema takriban,
haikusema tutaona. Ilisema themanini,
na chini yake sahihi ya mtu aliyelala usiku kucha.
Themanini, toa arobaini na saba nukta tatu,
gawanya kwa sifuri nukta nne, maana mtihani wa mwisho
umebeba arobaini ya mia mgongoni.
Themanini na moja nukta saba tano.

Anajaribu A, kujifurahisha tu,
kama mtu anayejipima koti asilokusudia kununua.
Mia moja na sita nukta saba tano.
Anacheka peke yake; tanuri linaitikia kwa mlio.
Hata angejibu yote, na kumsahihishia mwalimu Petrich tahajia,
mlango huo ulishafungwa tangu mwezi wa kumi,
polepole, bila kelele.

Kengele. Trei sita za mikate myeusi. Anarudi.

Ndipo anaukumbuka mstari mdogo kwenye maelezo ya kozi:
jaribio moja, lile baya kuliko yote, hutupwa.
Baya kuliko yote ni arobaini na tano,
siku gari lilipogoma mlimani
akaingia darasani zimebaki dakika sita.
Litupe, Marlys.
Themanini na moja inapanda, themanini na tano.
Anafuta, anaandika upya, karatasi inatoboka kwenye nukta.
Sabini na tisa nukta saba tano.

Alama mbili tu zimepungua. Lakini maswali ni arobaini,
kila moja alama mbili na nusu,
na hesabu inageuka kuwa kitu kingine:
dakika tano zilizopita aliruhusiwa makosa saba.
Sasa ni manane.

Manane! Hakuna aliyewahi kumpa idadi.
Si mama yake, si Gordy alipokuwa akifunga sanduku, si benki.
Waliyahesabu, ndiyo, wote waliyahesabu,
ila hakuna aliyemwambia mapema: haya ni yako, yatumie.

Anayagawa kama mshahara mdogo.
Mawili kwa uwezekano wenye masharti, ambao hajawahi kuuelewa.
Matatu kwa grafu zenye mikia.
Moja kwa usingizi.
Moja kwa kusoma "si" akaona "ni".
La nane analiacha bila kazi,
analikunja ndani ya risiti, risiti mfukoni mwa aproni.

Nje, gari la kuondoa theluji linapita na taa yake ya manjano.
Mtihani ni Alhamisi.
Donge la saa kumi liko mezani chini ya kitambaa.
Analibonyeza kwa kidole, anatazama shimo likirudi,
likirudi haraka mno.
Bado, anasema, na kulifunika.