Shamba la Kubebwa

Kiwanda cha sabuni kilipofunga lango lake la kijani
walitupa bahasha, na ndani mshahara wa mwezi na asante.
Nikapiga hesabu njiani:
asante moja, igawe kwa miaka kumi na minne.

Nilifika Mukuru saa sita.
Mtu mzima kurudi nyumbani saa sita ni tangazo;
hata mbuzi wa jalalani waliinua vichwa.

Mutheu, jirani wa mlango wenye alama nyekundu ya kubomolewa,
hakunipa pole. Alinipa gunia.
La mkaa, limetoboka ubavuni.
"Hilo tundu," akasema, "usilishone. Ongeza mengine."

Nikajifunza ufundi usio na cheti:
kasuku lililokatwa kitako lisimame katikati,
ndani kokoto, pembeni udongo na samadi
ya mbuzi wale wale walionicheka;
vuta kopo juu, jaza, vuta tena,
hadi kokoto zisimame kama uti wa mgongo
na maji yashuke kwa adabu, bila kukimbilia mlangoni.
Kila tundu mche mmoja. Gunia moja, miche arobaini.
Nilihesabu mara mbili, kwa mazoea ya ghala.

Usiku nilitoka na tochi ya simu
kuangalia kama yameota au yameibwa.

Mavuno ya kwanza, sufuria moja.
Ya pili, sufuria na shilingi ishirini.
Ya sita, Kwamboka wa dukani alifungua daftari la madeni,
akalitafuta jina langu kwa kidole,
akalikata kwa mstari mmoja mnyoofu,
nami nikasimama nikiutazama mstari ule
kama mtu anayeona lami imefika kwao.

Waliosema mgaagaa na upwa hali wali mkavu
hawakuuona upwa wetu: Mto Ngong,
Jumatatu wa buluu, Alhamisi wa kahawia,
kutegemea kiwanda kimeoga nini.
Ule hatuuteki. Tunanunua mtungi;
maji huosha mchele, huosha mtoto,
ndipo hufika kwenye mche.

Simiyu, mwanangu, ana shahada ya takwimu
na barua mia mbili na sita za kuomba kazi.
Alikuwa akiyapita magunia kama anayempita mdai.
Asubuhi moja nikamkuta amechuchumaa, daftari gotini:
*gunia la tatu, managu, kilo na robo.*
Sikusema neno.
Kazi ikimtua mtu begani kama ndege,
usipige chafya.

Kisha Machi, tingatinga.
Ile alama nyekundu ilikuwa imesubiri miaka, ikachoka.
Mabati yalikunjwa kama karatasi. Mutheu alilia
kwa ajili ya kitanda, si kwa shamba:
shamba lilikuwa tayari juu ya mkokoteni,
magunia kumi na moja yamesimama wima,
yakitikisa majani kila shimo la barabara,
na Simiyu nyuma, akisukuma, akihesabu kwa sauti.

Sisemi tumeutoka umaskini.
Kodi bado hubisha tarehe tano, kwa ngumi ile ile.
Ila siku hizi hunikuta mikono imejaa udongo,
nami huiambia kupitia mlango:
ngoja kwanza, ninawe.