Maagizo ya Adeodata

Aliyaandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mwalimu.
Kwanza: Muganyizi asikaribie ukingo wa meli.
Pili: uji wanywe kabla meli haijaondoka.
Tatu: kopo la mkojo liko kwenye mfuko wa kushoto.
*Kushoto*, akapigia mstari, maana ananijua.

Alitangulia Bukoba wiki mbili kabla yetu,
mama yake kateleza akitoka kisimani, nyonga imevunjika.
Nikabaki Igoma na watoto watatu
na ushujaa wa mtu asiyewahi kusafiri nao.

Tulifika bandarini wanne, na mizigo sita.
Kufika kwenye ngazi ya meli, mizigo ilikuwa saba
na watoto wawili.
Muganyizi tulimkuta juu ya gunia la dagaa,
kakunja nne kama mwenye mali.
"Mchukue mwanao," mwenye gunia akasema,
"ameshanipunguzia bei mara mbili."
Na ule mzigo wa saba ulikuwa jogoo,
mguu umefungwa kamba, hatumjui, hatujui.

Kokuhirwa akaitazama milima ya Mwanza,
mawe yamepandana, jingine limekaa pembeni kabisa.
"Baba, nani aliyapanga hivi?"
"Mungu."
"Siku hiyo alikuwa na watoto?"

Honi ikalia. Ainekisha naye akalia,
akaishinda honi, kwani honi ilinyamaza.
Uji ulinywewa na kitenge cha mama mmoja wa Muleba.
Akasema si kitu, huku akikikamua.
Kisha kiatu cha Muganyizi, cha kulia, kikaenda ziwani:
alitaka kujua kama kinaelea.
Kinaelea.
Akavua cha kushoto, ili mwenzake asiwe mpweke.
Hicho nilikidaka.

Daraja la tatu, benchi la mbao, joto la injini.
Tumefika?
Bado.
Sasa je?
Saa sita usiku Kokuhirwa akapiga kelele: "Mji! Mji ule!"
Nusu ya abiria wakaamka,
bibi mmoja akaanza kukunja mkeka wake,
Muganyizi akavaa kiatu chake kimoja, tayari.
Zilikuwa taa za wavuvi wa dagaa,
mtaa mzima unaowaka juu ya maji,
usio na kituo wala mwenyekiti.
Bibi akaukunjua mkeka bila kusema neno.
Ningependa angesema.

Saa nane ziwa likachafuka
na watoto wangu wakatapika kwa zamu,
kwa nidhamu ambayo nyumbani sijapata kuiona.
Nikatafuta kopo. Nikalitafuta mfuko wa kulia.

Niliporudi kwenye karatasi kuuliza la kufanya
Ainekisha alikuwa anatafuna pembe yake ya chini,
wino mwekundu mdomoni.
Namba tisa ilishamezwa.

Kisha kukawa na kitambo, sijui kirefu kiasi gani,
mtoto kifuani, mwingine pajani, mkono wangu umekufa ganzi,
chuma chote kikitetemeka taratibu chini yetu.
Kila Desemba, Adeodata, wewe huvuka hivi.
Mimi hukupungia mkono pale gatini,
nanunua samaki wa kukaanga,
narudi nyumbani kulala.

Kemondo walikuwa macho, wanagombania ganda la ndizi.
Tulipoanza kuiona Bukoba, wakalala.
Wote watatu, ghafla, wazito kama saruji.

Alikuwa gatini na khanga ya mama yake.
Hakunisalimu. Alihesabu: mmoja, wawili, watatu.
"Kiatu?"
"Ziwani."
"Na huyu jogoo?"
Nikamwambia ni habari ndefu.
Nikamwonyesha karatasi, pale palipoliwa.
"Namba tisa ilisemaje?"
Akafikiri. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.
"Niliandika: walale mapema."

Jogoo akawika.
Wakaamka wote.