Ua la Mbilingani

Siku ya kuwainamia walimu huangukia Alhamisi, mwezi wa Juni,
mvua zikiwa zimeanza kuamsha mashamba ya mpunga huko Roi Et.
Wenzangu walibeba sinia za maua mekundu yaliyofungwa kwa nyuzi.
Mimi nilikuwa na ua moja la mbilingani
nililolichuma nyuma ya jiko la mama,
zambarau, limeshanyauka nusu.
Nilienda nimelifumbata kama kitu cha wizi.

Mwalimu Bunluea alilipokea kwa mikono miwili.
"Hili," akasema, "likikaribia kuzaa huinamisha kichwa.
Hayo mengine ni mazuri tu."
Sikuelewa. Nilikuwa na miaka tisa
na sketi ya dada yangu iliyokunjwa pindo mara tatu.

Miaka thelathini na moja imepita.
Nimekuja kwa basi la usiku kutoka Bangkok,
na bahasha ya baht elfu kumi na mbili
kwa ajili ya paa lake, linalovuja mahali panne,
ndoo nne chini, kila ndoo na sauti yake.
Aliipima bahasha kiganjani. Hakuifungua.

Alfajiri watawa wakapita, miguu mitupu.
Akatia bakulini matonge ya wali wa kunata,
samaki mmoja wa kukaanga,
kisha akamkabidhi kijana wa hekalu
bahasha yangu, nzima, na jina langu juu yake.
Mtawa hakusema asante. Hawasemi.
Aliyetoa ndiye aliyepiga magoti kwenye lami yenye maji,
mzee wa miaka sabini na nane,
akashukuru kwa kupokewa.

Nikanuna. Kutoa ni moyo, sawa, nimesikia,
lakini bati ni bati,
na moyo hauzuii tone kudondokea mto wa kulalia.
Nikamwambia, Mwalimu, ile ilikuwa shukrani yangu kwako.
"Nayo imefika. Ulitaka niiweke wapi, ndani ya ndoo?"

Kisha, akimenya kitunguu saumu bila kunitazama:
"Phikun, unadhani kati yetu nani anamdai mwenziwe?
Uliniletea saba mara nane usiyoijua.
Wiki ile nilikuwa nimetoka kumchoma mke wangu.
Nilikuwa na mikono miwili na sina pa kuipeleka.
Wewe ukaja na daftari lako chafu,
ukanipa pa kuiweka."

Sikupata neno.
Ndoo ya tatu ikafurika, hakuna aliyeinuka.

Kesho yake nikaazima ngazi kwa binamu yangu Khamsing,
nikakopa bati tatu na misumari kilo moja.
Mwalimu akashika ngazi, vibaya,
huku akinifokea kama zamani:
"Ongeza mteremko! Maji hayakusoma,
lakini hesabu ya mteremko hayakosei!"

Juu ya paa hakuna asimamaye wima.
Unatambaa, magoti yanaungua,
kichwa kinaelekea chini kikitaka kisitake,
na mdomo umejaa misumari,
hata ukitaka kusema asante huwezi.
Hapo ndipo nilipolikumbuka lile ua,
na nikacheka, msumari mmoja ukanitoka,
ukaviringika hadi miguuni pake.
Aliuokota. Akaufuta kwa shati. Akanirudishia.

Matundu matatu nimeziba.
La nne, lililo juu ya kiti chake, ameniomba niliache.
Anasema ndoo ile ameshaizoea,
humsomea usiku.