Meno ya Stempu

Zimeletwa leo na gari la barua kutoka Busia,
karatasi mbili, stempu arubaini,
Majengo ya Viwanda vya Kale, shilingi hamsini kila moja.
Nimehesabu, nimetia saini kitabuni,
nimeinua karatasi ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha
na kumbe ni kwetu.

Jineri ya Funyula, ya kando ya barabara ya Sio Port,
imelala ndani ya mraba usiotosha kufunika kidonda.
Paa lake la msumeno lina meno saba;
mchoraji amehesabu vizuri.
Matofali ameyapaka wekundu wa papai lililoiva mno.
Mlango mkubwa ameufunga.
Huo haukuwahi kufungwa. Hata bawaba zilisahau kazi.

Anga ameliacha safi,
na hapo nimecheka peke yangu, mteja akanitazama,
kwani msimu wa pamba anga letu lilikuwa na nywele.
Nyuzi zilitua juu ya ugali, juu ya kope za ng'ombe,
juu ya daftari tukikariri jedwali la saba,
na mama alipoanua nguo
alikuta kamba imeota mvi.

Baba aliingia humo ana vidole kumi.
Mashine ya kutenga nyuzi na mbegu ina misumeno themanini
iliyopangwa kama sahani kabatini;
haiulizi mbegu ni ipi, mtu ni yupi.
Alitoka na vinane, na baada ya wiki sita, bahasha.
Barua ya pole, imepigwa taipu kwa Kiingereza.
Hakuna nyumbani aliyeweza kuisoma.
Stempu ilikuwa ya heroe, mguu mmoja majini.
Aliibandua kwa mvuke wa birika, akanipa mimi.
Ndiyo sababu niko nyuma ya kaunta hii.

Saa nne amefika, kama kila mwisho wa mwezi,
kuuliza kama kuna kitu.
Nimemsogezea karatasi.
Ametia miwani, amekaa kimya
hadi foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.
"Dirisha la nne," amesema, "halikuwa na kioo.
Hapo Ajiambo alitupitishia uji."
Kisha: "Watu wamewaweka wapi?"
Nikamwambia stempu ni ndogo, baba.
"Sisi pia hatukuwa wakubwa."

Ameomba aichane mwenyewe.
Sheria za kaunta hazikubali. Nimempa.
Amekunja kwenye mstari wa matundu, huku, kisha huku,
akavuta polepole kwa vile vinane,
na halikung'oka jino hata moja.

Ndipo akatoa bahasha ndani ya koti.
Nimeijua kabla haijatua:
kona ya juu ina mraba mweupe kuliko kwingine kote,
alikosimama heroe miaka thelathini na minane.
Jina lake, Bwana Mangeni Wabwire, amelikata kwa kalamu,
mstari mmoja, umepinda.
Chini yake ameandika: Meneja, S.L.P. 4, Funyula.
Amelowesha stempu, ameibandika.
Imezidi ule mraba kidogo, upande wa kushoto.

Sanduku la nne liko nyuma ya mgongo wangu.
Nyigu wamejenga humo tangu jineri ilipofungwa.
Ningeweza kumwambia.
Nimechukua muhuri, nimezungusha tarehe ya leo,
nimegonga mara moja, juu ya paa,
na wino umetanda kwenye lile anga safi
kama moshi wa siku ya kazi.

Baba ameomba risiti.