Mita Nane za Pamba

Kamba tuliinunua Barabara ya Kirinyaga,
mita nane, pamba tupu, nyeupe kama maziwa ya jana.
Muuzaji akauliza: ya mbuzi au ya hema?
Musembi akakohoa.
Mimi nikasema: ya kuanikia nguo.
Uongo mdogo, nikaubeba hadi Pangani
pamoja na vitunguu na nusu mkate.

Tuliichemsha kwenye sufuria ya githeri
ili ilainike. Ndivyo alivyotuelekeza Akoth,
mkunga mstaafu, mwenye chumba juu ya duka la magodoro kule Ngara
anakofundisha watu wazima kupumua.
Jirani akabisha: mnachemsha nini tangu saa kumi,
mbona hakinukii?

Miaka arobaini na sita nimeubeba mwili huu
kama tarishi abebavyo bahasha ya wenyewe,
bila kuifungua.
Ofisini ulikaa kitini, mimi nikakaa kwenye hesabu za Sacco.
Kanisani ulipiga magoti, mimi nikawaza kodi.
Kitandani (unisamehe, Musembi)
mara nyingi ulikuwa peke yake, huo mwili, na wewe.

Akoth hakutuahidi mbingu.
Hakufukiza udi, hakutaja nyota.
Tantra, alisema, ni neno lililotoka mbali,
msiliogope, wala msilisujudie.
Vueni viatu. Sakafu ina baridi?
Basi sema: ina baridi.
Anzia hapo.
Na tukaanzia hapo, kwenye saruji,
kiganja chake kifuani pangu, changu kifuani pake,
chini yetu mtu akibishania bei ya godoro la futi tano kwa sita,
na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue Mwikali,
nikajua pumzi yangu huishia wapi.
Huishia mbavuni. Haikuwa ikishuka tumboni.
Nani aliizuia, na lini, sikumbuki.

Kamba ilikuja baadaye, Julai, baridi ya kukata masikio.
Kwanza tulikaa mezani na daftari
kama wanachama wa chama siku ya kugawana:
hili ndiyo, hili hapana, hili tutaona.
Tukachagua neno la kusimamisha kila kitu.
Musembi akasema "ndengu",
maana hakuna mtu, alisema, atakayelitamka kwa bahati mbaya
katika shughuli kama hii.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Akafunga taratibu, mhandisi wa mifereji,
vidole viwili vipite kati ya kamba na ngozi,
akiuliza kila fundo: hapa? na hapa?
Nikamkumbuka mama, na leso,
fundo moja juu ya kifua chake
na mimi mgongoni, nimefungwa, nimelala,
soko zima likipita.
Mita ya stima ikaanza kulia, tokeni zinaisha,
hatukuinuka.

Kisha bega la kushoto likazungumza,
bega lile lililoteguka nikiwa darasa la sita.
Nikasema: ndengu.
Kwa sauti ndogo, nusu nikiona haya.

Mikono yake ikasimama papo hapo.
Hakuuliza kwa nini. Hakusema bado kidogo.
Fundo likafunguka, kamba ikaanguka chini,
na hapo ndipo nilipolia,
si kwa maumivu, bega lilikuwa limeshatulia,
bali kwa hesabu: mimi karani, najua kuhesabu,
mara ngapi maishani nimesema basi
na kitu kikasimama
mara ya kwanza.

Asubuhi kulikuwa na alama kwenye kifundo cha mkono,
nyembamba, yenye msokoto wa pamba.
Nikaifunika kwa saa.
Mteja wa kwanza alikuja na fomu ya mkopo,
nikasoma tarakimu, nikahisi visigino ndani ya viatu,
kimoja kinabanwa. Kumbe siku zote kinabanwa.
Kufikia chai ya saa nne nilivua saa, nikatazama.
Alama ilikuwa imeondoka.
Nikaitafuta kwa kidole.